Ghorofa ya Thelathini na Tano ni Ipi?

Wiki iliyopita, msomaji wangu, niliwaacha watu watatu ndani ya lifti inayoporomoka, nikaenda zangu kula. Wapo walionitukana. Mmoja ameandika barua kuuliza kama nina mama. Ninaye, ni mzima, na yeye pia ameninunia.

Basi tusipotezeane muda.

"Kamba imekatika!" alipiga kelele Mkaguzi wa Urefu.

Haikukatika. Nakiri nilitia chumvi, maana mhariri alitaka kitu kiporomoke. Ukweli ni kwamba umeme ulizimika jengo zima, breki ikauma, lifti ikashtuka kama mtu aliyekanyaga msumari, ikasimama palepale. Ikabaki taa moja ndogo ya betri, na juu ya mlango namba nyekundu: 52.

"Bosi, mko salama?" Sauti ya mwanamke ilikwaruza kwenye redio koli aliyoishika Bwana Kilele, mwenye jengo.

Huyo mwanamke ni Bisibisi, fundi wa lifti. Kama wewe ni mgeni hapa, karibu, sogea nikueleze upesi. Bisibisi yuko juu kabisa, kwenye chumba cha mashine chini ya paa. Amefungiwa humo kwa kufuli tangu asubuhi, kwa amri ya Bwana Kilele, ili wageni wa uzinduzi wasije wakaiona ovaroli yenye grisi. Ufunguo wa kufuli uko mfukoni mwa mlinzi mkuu, mtu wa miluzi na amri, anayeitwa Filimbi. Na Filimbi ni mume wake wa ndoa.

Ndiyo. Mume kamfungia mke. Siku ya tatu leo hawasemeshani, na sababu tutaifikia.

"Tuko salama salimini!" alijibu Bwana Kilele kwa sauti ya hotuba. "Hili ni zoezi tu. Tulilipanga."

"Mlilipanga?" aliuliza Mkaguzi, bado amekumbatia mkoba wake.

"Jengo refu kuliko yote mjini lazima lijaribiwe, mheshimiwa."

Mtu wa tatu mle ndani alicheka puani. Huyo ni Mama Mkwe, mama mzazi wa mke wa Bwana Kilele, aliyekuja kwenye uzinduzi kwa sababu aliambiwa kutakuwa na kiti cha mbele. Sasa alikuwa amekaa sakafuni, kavua viatu vilivyombana, anajisugua vidole.

Lifti ile ina vioo pande tatu. Bwana Kilele aliagiza hivyo ili awe anajiona akipanda. Leo alijiona mara tatu akitoka jasho.

Alikuwa na haki ya kutoka jasho. Ndani ya mkoba wa Mkaguzi kulikuwa na kibao cha shaba kinachosema hili ndilo jengo refu kuliko yote. Kazi ya Mkaguzi ilikuwa kuhesabu ghorofa. Zikitimia sitini, kibao kinapigiliwa ukutani saa sita mchana. Zikipungua, mkoba unavuka barabara kwenda kwa jirani, mwenye ghorofa hamsini na nane na mdomo mrefu.

"Jenereta haliwaki?" aliuliza Mkaguzi.

"Linawaka vizuri sana. Ila chumba chake tulikigeuza ukumbi wa wageni mashuhuri. Jenereta tumelitoa nje, liko uani."

"Na waya?"

"Waya ulikuwa mfupi."

Mkaguzi akaandika kwenye daftari.

"Andika na uwanja wa helikopta," Bwana Kilele alimhimiza. "Uko juu ya paa. Hakuna mwingine mjini mwenye uwanja wa helikopta."

"Niliuona nikiwa chini. Kuna mlingoti umesimama katikati yake."

"Mlingoti ndio unaotupa urefu."

"Helikopta itatua wapi?"

"Itatua pembeni."

"Pembeni ya paa ni hewa, mkwe wangu," alisema Mama Mkwe.

"Basi andika ukuta wa vioo! Unameta mji mzima."

"Nimesikia umemeta mpaka umeyeyusha viti vya plastiki vya kinyozi wa ng'ambo ya barabara."

"Amehamia kivulini," alisema Bwana Kilele. "Na kivuli chenyewe tumempa sisi."

Tuwaache hapo kidogo. Twende juu kwa Bisibisi.

Chumba cha mashine kilikuwa na joto la tanuri. Bisibisi alimulika tochi kwenye zile kamba nene za chuma zinazoibeba lifti. Kwenye kamba hizo kuna mistari ya rangi ya njano, mmoja kwa kila ghorofa. Mstari ukilingana na alama iliyochongwa sakafuni, ujue lifti imekaa sawasawa na mlango wa ghorofa hiyo. Umeme ukikatika, fundi hana haja ya kumuuliza mtu yuko wapi. Kamba inamwambia. Mistari hiyo Bisibisi aliipaka kwa mkono wake mwenyewe, siku mbili amelala kifudifudi.

Mistari arobaini na mmoja. Kwa sababu jengo lina ghorofa arobaini na moja.

Umesoma vizuri, usirudie. Mabango barabarani yanasema sitini, hotuba zinasema sitini, lakini zege linasema arobaini na moja. Siku tatu zilizopita Bwana Kilele alimletea Bisibisi karatasi aweke sahihi, imeandikwa kwamba lifti hii inahudumia ghorofa sitini. Bisibisi aliisoma, akaikunja, akajifutia grisi.

"Sahihi ni wino tu, mke wangu," Filimbi alimbembeleza nyumbani. "Weka, tuishi kwa amani."

"Weka wewe."

"Mimi si fundi."

"Basi nyamaza kama mtu asiye fundi."

Filimbi akanyamaza kweli. Tangu hapo nyumba ile ikaendeshwa na watoto. Mwambieni baba yenu chumvi imekwisha. Mwambieni mama yenu nimesikia. Watoto wakachoka, wakaanza kutunga majibu yao wenyewe.

Sasa Bisibisi aliutazama mstari kwenye kamba. Lifti ilikuwa imesimama juu kidogo ya ghorofa ya thelathini na tano. Akashusha pumzi. Kazi ndogo: kulegeza breki kwa wenzo, kuzungusha gurudumu la mkono taratibu mpaka mstari ulingane, kisha mtu aliye nje afungue mlango kwa ufunguo wa dharura. Akazungusha. Ukalingana.

"Bosi, nimewaweka thelathini na tano. Mtafunguliwa sasa hivi."

Kule ndani, Mkaguzi aliinua kichwa.

"Thelathini na tano? Mbona hapa pameandikwa hamsini na mbili?"

"Redio inakwaruza," alisema Bwana Kilele, kisha akaisogeza mdomoni. "Fundi, tuko hamsini na mbili."

"Bosi, hakuna hamsini na mbili."

"Inakwaruza sana!"

Bisibisi alitikisa kichwa. Alijua mzee anauza sura mbele ya mgeni. Lakini kuna jambo hakulijua, na hilo ndilo lenye sumu.

Uongo ulikuwa umetoka kwenye karatasi, umepanda ukutani. Juzi, wakati yeye yuko kwenye shimo la lifti chini kabisa akipaka grisi, vibarua wa kukodi walipita kila ghorofa wakibandika namba mpya za shaba, na namba nyekundu za ndani ya lifti nazo zikabadilishwa. Ghorofa ya nne ikaamka inaitwa ya tano. Ya kumi ikawa ya kumi na nne. Ya ishirini na nne ikapandishwa cheo ikawa ya thelathini na tano, na ya thelathini na tano yenyewe ikawa ya hamsini na mbili. Hakikuongezwa hata kipande cha tofali. Iliongezwa gundi.

Na wapangaji walishangilia. Wakili mmoja alikuwa ameapa hakai chini ya wakili mwenzake. Daktari wa meno alisema jina lake haliwezi kukaa chini ya arobaini. Kila mtu alipewa ukubwa wake bila kupanda hata ngazi moja.

Bisibisi hakuona hata namba moja, maana fundi hupita ngazi za nyuma, na ngazi za nyuma hazikupewa shaba. Filimbi aliwaona vibarua kwa macho yake. Lakini Filimbi alikuwa amenuna.

"Filimbi, unanisikia?" Bisibisi aliita kwenye redio.

"Nasikia," ilijibu sauti kavu kutoka mapokezi.

"Nenda thelathini na tano. Fungua mlango wa lifti kwa ufunguo wa dharura."

Bisibisi akabonyeza kitufe tena.

"Umesikia, au nitume watoto?"

"Nimesikia."

Bwana Kilele akadakia. "Mlinzi! Njoo na kiti cha mkwe wangu, kile chekundu cha mapokezi. Ukifungua mlango usisimame kushangaa. Ingia nacho moja kwa moja, umkalishe mama, miguu yake imekufa ganzi."

"Sawa, mzee."

Filimbi akaifunga redio yake sauti, maana hakutaka kusikia zaidi maneno ya mkewe, akajitwika kiti kichwani, akaanza kupanda ngazi kwa miguu.

Kwenye lifti Bwana Kilele alikuwa bado ameshika redio, mdomo wazi. Maneno ya Bisibisi yalikuwa yanamwingia polepole, kama maji kwenye kiatu. Nenda thelathini na tano. Thelathini na tano ya ukutani ilikuwa ghorofa kumi na moja chini yao. Nyuma ya mlango ule hakukuwa na lifti. Kulikuwa na shimo jeusi, ghorofa ishirini na nne kwenda chini.

Akafumbua mdomo zaidi. Mkaguzi akamtazama. Akaufumba.

Msomaji, hebu tuwe wakweli. Mtu mmoja anapanda ngazi, na kiti kichwani, kwenda kuingia shimoni. Mtu mwingine anaweza kumwokoa kwa sentensi moja tu: namba za ukutani ni za uongo. Bwana Kilele aliipima ile sentensi, akautazama na mkoba wa Mkaguzi, akaona sentensi ni ndefu mno.

"Mkwe wangu," alisema Mama Mkwe kutoka sakafuni, "mbona vioo vyote vitatu vinauma kucha?"

"Ni joto, mama."

"Joto halimfanyi mtu aume kucha. Juzi mezani ulitwambia umepandisha jengo bila tofali. Ulicheka mpaka ukapaliwa, binti yangu akakupiga mgongoni. Sasa niambie. Huyo mlinzi anakwenda thelathini na tano ipi?"

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Ipi?"

Mama Mkwe akainuka na miguu yake iliyokufa ganzi, ambayo ghafla ilifufuka, akampokonya redio.

"Fundi! Wewe fundi huko juu! Mimi ni mkwe wa huyu hayawani. Namba za ukutani zimebadilishwa juzi. Thelathini na tano ya ukutani siyo ya kwako!"

Redio nusura imtoke Bisibisi mkononi. "Ni ya ngapi, mama?"

Mama Mkwe akamgeukia mkwewe. "Ni ya ngapi?"

Bwana Kilele alitazama dari.

"Mficha uchi hazai, baba. Sema, kabla sijakusemesha."

"Ishirini na nne," alisema Bwana Kilele, kwa sauti ya mtu anayetaja umri wake wa kweli.

Kalamu ya Mkaguzi ikasimama.

Juu kule Bisibisi alikuwa tayari anapiga kelele. "Filimbi! Filimbi, usifungue! Baba watoto!"

Aliita mara tano, mara sita. Alimjua mumewe. Akinuna huizima redio kama wengine wanavyobamiza milango. Na simu je? Simu za walinzi wote zilikuwa kwenye sanduku getini, kwa amri ya Bwana Kilele, wasije wakapiga picha ile chemchemi ya mapokezi ikijazwa kwa ndoo. Maana maji ya jengo lile hayapandi zaidi ya ghorofa ya ishirini, na asubuhi hiyo hayakufika hata mlangoni.

Akaurukia mlango. Ni wa chuma. Akaupiga teke, akaupiga bega, akaupiga kwa spana kubwa. Kufuli liko nje, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu yuleyule ambaye yeye anataka kumwokoa.

Akasimama katikati ya chumba. Aliona yote kichwani. Korido za jengo lile hazina dirisha, madirisha yote wamepewa wakubwa. Umeme hakuna. Mtu anafungua mlango gizani, kiti kimeziba uso, na ameambiwa asisimame kushangaa. Na Filimbi akiambiwa neno hulitimiza. Huo ndio ugonjwa wake tangu siku ya kwanza. Anaijua thelathini na tano ya ukutani tu, na katika miaka kumi na sita hajawahi kuhesabu kitu chochote kwa ajili yangu, aliwaza Bisibisi, na machozi yakamtoka kwa hasira na mapenzi kwa pamoja. Alimpenda yule mjinga. Alimpenda, na neno la mwisho alilomwambia lilikuwa kejeli.

Akatazama kamba.

Kama Filimbi hawezi kuzuiwa asiende kwenye mlango ule, basi lifti na iende ikamngoje.

"Shikilieni!" alisema redioni. "Nawashusha mpaka ishirini na nne."

Gurudumu la mkono hutumika kusogeza lifti pima moja, pengine mbili. Ghorofa kumi na moja kwa mikono hakuna fundi mwenye akili aliyewahi kujaribu. Bisibisi alivua kofia, akajifunga kitambaa viganjani, akalegeza breki, akaanza kuzungusha. Mstari wa thelathini na nne ukapita. Mabega yakalia. Wa thelathini na tatu ukapita.

Ndani ya lifti namba nyekundu nazo zikaanza kushuka. Mkaguzi alisogea, akainua miwani.

"Hamsini na moja," alisoma. "Arobaini na tisa. Hamsini yenyewe iko wapi?"

"Inakarabatiwa," alisema Bwana Kilele.

"Arobaini na nane. Arobaini na saba. Arobaini na nne. Na hizi mbili?"

"Ni za wageni maalumu."

"Nazo zinapita wapi, mbona sikuziona?"

"Ndio umaalumu wake."

"Ee Mungu," alisema Mama Mkwe, "nichukue kwa ngazi."

Mkaguzi akafunga daftari. Bwana Kilele alijua mwisho umefika. Alipiga magoti mbele ya vioo vitatu, zikaonekana suti nne zimepiga magoti.

"Mheshimiwa, nisamehe. Nilidanganya."

"Inuka, mzee, unachafua suruali," alisema Mkaguzi, bila hasira hata kidogo. "Mimi nimekagua majengo ishirini na mawili. Liko moja lina ghorofa thelathini, linaitwa la sabini, na kibao nilipigilia mwenyewe. Sisi hatuhesabu ghorofa, tunahesabu namba. Kosa lako si kudanganya. Kosa lako ni huyu mama. Amesema nikiwa nasikia, na nikishasikia siwezi tena kuandika."

Bwana Kilele alimtazama mkwewe kwa macho ya lawama. "Unaona, mama?"

Mama Mkwe hakuamini masikio yake. "Na yule mlinzi anayekwenda kufa?"

Mkaguzi alifungua daftari tena, akapekua, akatikisa kichwa. "Walinzi hawamo kwenye fomu."

Viatu vya Mama Mkwe, vile vilivyombana tangu asubuhi, vikapata kazi. Kimoja kilitua kwenye fomu, cha pili kwenye suti. Lifti ikayumba. Juu kabisa Bisibisi alihisi gurudumu linavutana naye, akauma meno, akaendelea. Thelathini. Ishirini na tisa. Kitambaa kilikuwa kimelowa damu. Ishirini na nane. Alikuwa anahesabu kwa sauti, na kila baada ya namba analitaja jina la mumewe. Ishirini na saba, Filimbi. Ishirini na sita, Filimbi. Hakuwa na mkono wa tatu wa kufutia machozi, akayaacha yashuke na jasho.

Ishirini na tano.

Mstari wa ishirini na nne ulijongea, ukajongea, ukakaa juu ya alama. Bisibisi alifunga breki, akaanguka juu ya gurudumu. Mikono haikuweza hata kukunja ngumi.

"Mama," alisema redioni, pumzi zikimkatika. "Mko mlangoni. Akifungua, mtamwona. Mshikeni. Mwambieni mkewe anamwomba radhi."

"Tutamwambia, mwanangu. Pole. Pumzika."

Wakangoja.

Dakika moja. Mama Mkwe alisimama sawa na mlango, peku, mikono mbele, kama anayepokea mtoto. Dakika mbili. Hakuna ufunguo uliogusa tundu. Akagonga kwa kiatu. Akaita.

"Fundi," alisema hatimaye, na kejeli ilikuwa imemtoka sautini. "Hajafika."

Mtu mzima, hata akiwa na kiti kichwani, ghorofa ishirini na nne alipaswa kuwa amezimaliza zamani. Au alifika mapema? Alifungua kabla lifti haijashuka? Bisibisi alijaribu kukumbuka kama alisikia kishindo katikati ya kelele za gurudumu, akashindwa kukumbuka.

Akajitupa sakafuni, kwenye tundu la kamba, akaweka sikio. Kupitia tundu lile husikika kila kitu kinachotendeka shimoni mpaka chini. Kisha akasikia. Chuma kinakwaruza chuma. Ufunguo unatafuta tundu lake.

Lakini sauti haikutoka chini kwenye lifti. Ilikuwa karibu, ghorofa chache tu chini yake, juu sana ya lifti.

Redio ikalia.

"Mama watoto."

Ilikuwa sauti ya Filimbi, anahema, na ilikuwa laini kama hajawahi kununa maishani.

"Mama watoto, usikasirike, nimechelewa. Ulipotaja thelathini na tano nikajiuliza, ni ya ukutani au ya kwako? Nikajijibu mwenyewe. Wewe nakujua. Uongo wa hawa watu huwezi kuutumia hata wakushikie panga. Namba zao nimezipita zote. Nimehesabu mwenyewe, ghorofa moja moja, mpaka thelathini na tano ya kweli. Ulikuwa sahihi kutokuweka ile sahihi. Nilikuwa nataka kukwambia tangu juzi, kiburi kikanishika."

"Usiingie!" Bisibisi alikuwa amebana kitufe mpaka kidole kimekuwa cheupe. "Filimbi, usiingie! Nimeishusha! Haipo hapo, nimeishusha!"

Lakini redio koli ina tabia yake. Anayeshika kitufe anasema, na maadamu ameshika, hasikii mtu. Filimbi alikuwa ameibana redio kati ya kidevu na bega, kitufe ndani, maana mkono mmoja ulikuwa na ufunguo na mwingine umeshika kiti. Bisibisi alisikia kufuli likiachia. Alisikia mlango ukiteleza pembeni, na upepo wa shimo ukimpiga usoni kupitia tundu la kamba.

Akaitupa redio. Akaweka mdomo kwenye tundu, akavuta pumzi yote iliyobaki mwilini apige kelele.

Pembeni yake, sakafuni, sauti ya mumewe ilicheka kidogo.

"Giza humu, mke wangu. Mwambie mama asiogope, namletea kiti. Haya, naingia."